Somo: Kupanda Tourmalet kwa mazoezi ya Marangu

Tangu tuanze kuangalia Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, pamoja, maswali ya wanachama kuhusu mlima wa Tourmalet hayaishi. Naandika mara moja hapa, atakayeuliza tena nitamrudisha kwenye somo hili.

Col du Tourmalet iko kwenye milima ya Pyrenees, kusini mwa Ufaransa. Lami yake inafika mita 2,115, na Tour ilipita hapo kwa mara ya kwanza mwaka 1910. Ukitokea mashariki, kwenye kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, ni kilomita 17 na ushee, unapanda mita 1,268. Ukitokea magharibi, Luz-Saint-Sauveur, ni kilomita 19 na mita 1,404. Sasa pima na kwetu. Moshi mjini tuko mita 800 hivi, geti la Marangu, la kuingilia Hifadhi ya Kilimanjaro, liko juu kidogo ya mita 1,800. Anayefika getini bila kushuka baiskeli ana karibu robo tatu ya Tourmalet miguuni, na hajalipa nauli ya ndege.

Hatua ya 1: Gia kwanza, ubishi baadaye
Mlima mrefu haupandwi kwa kifua. Tafuta gia ambayo utaweza kuizungusha ukiwa umechoka, siyo ile unayoimudu ukiwa mbichi. Mimi nasema meno 34 mbele na 32 nyuma, na anayecheka tuonane Marangu Mtoni. Ukizungusha pedali mara 70 kwa dakika kwa gia hiyo, unatembea kilomita 9 na nusu hivi kwa saa. Upande wa Sainte-Marie utakuchukua chini kidogo ya saa mbili. Inaonekana polepole, lakini mwenye 39 na 25, akizungusha vilevile, analazimika kwenda karibu kilomita 14 kwa saa kwenye mwinuko uleule. Wengi wetu hatuna miguu hiyo, kwa hiyo mtu anaanza kukanyaga kwa uzito wa mwili, baiskeli inayumba kulia kushoto, na goti ndilo linalolipa.

Hatua ya 2: Njia
Toka mjini saa kumi na mbili asubuhi, kabla mabasi ya Dar hayajachangamka. Kiboriloni, Uchira hadi Himo ni kupasha mwili moto tu. Usishindane na mtu. Himo unaiacha barabara ya Holili, unashika ya Marangu, na hapo ndipo kazi inaanza. Hadi Marangu Mtoni mlima unakubembeleza. Pale Mtoni, barabara ya Mwika na Rombo inakwenda kulia, wewe unanyoosha juu kwenda getini, na ghafla migomba inakuwa kama imesimama juu ya kichwa chako. Kipande hiki kifupi ndicho kinachofanana na Tourmalet kuliko vyote. Kule nako kilomita za mwanzo kutoka Sainte-Marie ni laini. Ukishapita Gripp barabara inakaza na hailegei tena, na pale La Mongie, mji wa watelezaji wa theluji, watu wengi hukatika.

Hatua ya 3: Pumzi
Kipimo changu ni maongezi. Kuanzia Himo hadi Mtoni uweze kusema sentensi nzima. Ukijibu kwa neno mojamoja, umekwenda mbio mno, punguza hata kama wenzako wanakuacha. Kutoka Mtoni kwenda juu neno mojamoja linaruhusiwa. Simama kwenye pedali kidogo kila baada ya dakika kadhaa ili mgongo upumue, kisha kaa.

Hatua ya 4: Tumbo
Ndizi mbivu mfukoni, maji yenye chumvi kidogo na sukari, kunywa kabla ya kiu. Mtori wa nyama usubiri mpaka urudi.

Hatua ya 5: Kushuka
Hapa ndipo watu wanaumia. Usishikilie breki mfululizo kutoka getini hadi Mtoni: rimu inachemka, tyubu inapasuka. Shika kwa nguvu kabla ya kona, achia, acha upepo upoze, shika tena. Kona usizoziona mwisho wake zichukulie kuwa zina Coaster iliyosimama kupakia, kwa sababu mara nyingi ndivyo ilivyo. Wakati wa masika, lami ikiwa na majani ya migomba, shuka kama mtu aliyebeba mayai. Na vaa kitu kifuani. Waendesha baiskeli wa zamani Ulaya walikuwa wakiingiza gazeti ndani ya jezi wakifika kileleni. Gazeti la jana linafaa sana.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Pasua: Mangi, mimi nina Phoenix, haina gia hata moja. Nijitoe?
Usijitoe. Mwaka 1910 hakuna aliyekuwa na gia za kubadilisha kwa mkono. Tour iliziruhusu mwaka 1937. Octave Lapize, wa kwanza kupita Tourmalet, alishuka na kusukuma baiskeli sehemu za mlima. Aliyepanda bila kushuka ni Gustave Garrigou. Sukuma, hakuna aibu. Ila Phoenix hiyo kagua breki mara mbili.

Kutoka Sakina, Arusha: Sisi wa juu tuna faida ya hewa?
Kidogo. Arusha ni mita 1,400 hivi, Moshi 800. Kilele cha Tourmalet oksijeni ni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na pwani. Mtaihisi kidogo kuliko sisi, msijisifu sana.

Kutoka Majengo: Shikamoo mzee. Goti linauma mbele nikipanda.
Marahaba binti yangu. Mara nyingi kiti kiko chini. Weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Usiponyooka, pandisha kiti kidogo kidogo, kisha rudi hatua ya 1. Maumivu yakiendelea hata baada ya kupumzika, nenda hospitali.

Kutoka Njoro: Kitu kikivunjika huko juu, fundi yupo?
Pancha utaziba mwenyewe, beba tyubu na pampu. Foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ikivunjika ni habari nyingine. Mwaka 1913 mwendeshaji wa Tour, Eugène Christophe, alivunjikiwa foki akishuka Tourmalet, akabeba baiskeli zaidi ya kilomita 10 hadi Sainte-Marie, akaiunga mwenyewe kwa mhunzi, maana sheria ilikataza msaada. Mtoto mmoja akamvukutia moto, na kwa hilo Christophe akaadhibiwa! Sisi tuna bahati, wahunzi wa Mamba wako jirani na Marangu na hakuna mwamuzi wa kukukataza. Lakini kagua foki nyumbani usiku wa kuamkia safari, hasa pale inapoingia kwenye fremu. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, baiskeli hiyo haipandi.