Namna ya kumweleza mgonjwa thamani ya picha aliyoandikiwa

Mgonjwa anayetoka kijiji cha ndani huko Rungwe au Kilolo, akiambiwa aende Mbeya au Iringa mjini kupiga picha ya hospitali, kama eksirei au ultrasaundi, hupiga hesabu kabla hajatoka mlangoni: nauli ya kwenda na kurudi, gharama ya kipimo, na siku ya shamba itakayopotea wakati viazi vinasubiri kuchimbwa. Asipoelezwa sababu ya safari hiyo, fomu ya rufaa huishia kwenye pindo la kanga.

Kwa hiyo anza na swali ambalo picha inatafuta kulijibu. Mwambie, kwa mfano: «Mama, mkono huu umevimba tangu ulipoanguka. Picha itatuonyesha kama mfupa umevunjika; ukiwa umevunjika utafungwa hogo, na kama ni mzima utatumia dawa ya maumivu.» Ukijikuta huwezi kusema jibu litabadilisha nini katika matibabu, jiulize upya kama kipimo kinahitajika. Maumivu ya mgongo ya siku chache, yasiyo na dalili za hatari, mara nyingi hayahitaji eksirei.

Eneo linalohitaji uangalifu zaidi ni neno «mionzi», kwa sababu Kiswahili hulitumia kwa kipimo na kwa tiba ya saratani pia. Wapo wanaotoka chumba cha eksirei wakiamini wameshatibiwa, na wapo wanaokataa kuingia kwa kumkumbuka ndugu aliyeunguzwa ngozi na tiba ya mionzi. Eleza kwamba eksirei haiponyi, na kwamba mionzi yake haibaki mwilini baada ya mashine kuzimwa. Kiasi cha picha moja ya kifua ni takribani milisiveti 0.1 (milisiveti ni kizio cha kupimia mionzi inayoingia mwilini), sawa na mionzi ya asili ambayo kila mtu huipata kwa siku kumi hivi. Siti skani, yaani eksirei inayopiga mwili vipande vipande kwa kompyuta, hutumia kiasi kikubwa zaidi, ndiyo maana haiandikwi ovyo, na mwanamke anayehisi kuwa na ujauzito aulizwe mapema. Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti na em-ar-ai (MRI) hutumia sumaku. Zote mbili hazina mionzi ya aina hiyo.

Matokeo yakirudi, usimkabidhi bahasha na kumwacha nayo. Mfano wa kivuli hueleweka haraka: mfupa huzuia miale ukaonekana mweupe, ilhali hewa huipitisha, na hivyo mapafu yaliyojaa hewa huonekana meusi. Usipolisema hili, mama aliyepika kwa kuni miaka thelathini katika baridi ya Makete ataona weusi ule na kuhitimisha, bila kukuuliza, kwamba moshi umemmaliza.

Mgonjwa akiambiwa «picha haikuonyesha kitu», husikia kwamba fedha yake imepotea. Nadhani kosa ni letu, maana sentensi hiyo haisemi lolote. Taja kilichoondolewa katika orodha ya hofu: «Hakuna mfupa uliovunjika, sasa tunajua tatizo liko kwenye misuli, na tutaendelea na mazoezi.» Papo hapo uwe mkweli kuhusu mipaka ya kipimo. Picha ya kifua inaweza kuonyesha doa linalotia shaka, lakini kifua kikuu huthibitishwa kwa kupima makohozi, kwa hiyo akiombwa kikopo cha makohozi baada ya kulipia picha asidhani anazungushwa.

Maandalizi yasemwe kabla hajapanda gari, hasa kama atatakiwa kufunga kula au kufika kibofu kikiwa kimejaa, kwa kuwa kurudishwa kwa sababu ya chai ya asubuhi ni hasara isiyo ya lazima. Picha za zamani azibebe pia.

Mwisho, mwombe akueleze kwa maneno yake anakwenda kupima nini. Mzee anayezungumza vizuri zaidi Kinyakyusa au Kihehe apatiwe mhudumu anayeijua lugha hiyo, badala ya kumtegemea mjukuu aliyemsindikiza, ambaye huenda akaruka sehemu zile anazoona haya kumtamkia babu yake.