Boksi la vitabu vipya limefika: kulimaliza kabla ya Jumamosi

Kwenye maktaba ndogo ya Tukuyu, Makete au Mafinga, adui wa kwanza wa kitabu kipya si mwizi, ni sakafu. Boksi likiwekwa juu ya saruji msimu wa mvua hunyonya unyevu kwa chini, na vitabu vya tabaka la mwisho huanza kunuka kabla hata hujavisajili. Lipandishe mezani, au juu ya vipande viwili vya mbao, mbali na ukuta kiasi cha kiganja ili hewa ipite. Na usilikalishe ofisini. Vitabu thelathini ni kazi ya siku tatu kwa mtu mmoja. Vikifika Jumatatu, Jumamosi viwe mikononi mwa watu.

Kabla ya kushika muhuri, linganisha vitabu na hati ya mzigo, kisha fungua kila kimoja uone kurasa. Kurasa huchapwa kwa mafungu, mara nyingi ya 16, kwa hiyo kasoro nayo huja kwa fungu: unasoma ukurasa wa 32, unaofuata ni wa 49. Au fungu moja limejirudia, au limegeuka kichwa chini. Kitabu kama hicho kitenge kirudishwe. Ukishakipiga muhuri ni chako, muuzaji hakipokei tena.

Namna ya kukifungua nayo ina mambo yake. Vitabu vingi vya siku hizi vimeshikwa kwa gundi tu, havikushonwa. Ukikipasua katikati kwa nguvu, gundi ya mgongoni inavunjika, na msomaji wa tatu anaondoka na kurasa mkononi. Simamisha kitabu mezani kwa mgongo wake, laza jalada la mbele, kisha la nyuma, huku kurasa umezishika wima. Laza kurasa chache za mbele, ukizipitishia kidole taratibu kando ya mgongo, halafu chache za nyuma, hivyo hivyo kwa zamu mpaka zikutane katikati.

Usajili usiufanyie mzaha. Kila nakala ina namba yake: nakala tano, namba tano. Andika tarehe ya kupokea, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, ISBN (namba ya kimataifa ya kitabu, huwa nyuma ya jalada), bei, na kama kimenunuliwa au ni msaada. Namba ya kitabu kilichopotea haipewi kitabu kingine, la sivyo ukaguzi wa mali utakuumbua. ISBN ya tarakimu 13 inayoanza na 978-9976, 978-9987 au 978-9912 ni ya Tanzania. Ukiulizwa vitabu vya wachapishaji wa hapa ni vingapi, utahesabu kwa kupitia safu hiyo moja.

Muhuri hupigwa nyuma ya ukurasa wa jina, na kwenye ukurasa mmoja wa siri usiobadilika, tuseme wa 17. Siku ya ukungu wino haukauki upesi. Weka kipande cha gazeti kati ya kurasa kabla ya kufunga.

Kwenye kupanga, namba ndefu za Dewey (mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada) ni mzigo kwa maktaba yenye rafu sita. Tarakimu tatu zinatosha sehemu nyingi, ila kwenye kilimo usirundike vyote 630, maana huku ndiko watu wanakoulizia: mahindi na chai viko 633, parachichi na ndizi 634, viazi mviringo 635, nyuki 638. Fasihi ya Kiswahili ni 896.392, ukiongeza herufi tatu za jina la ukoo la mwandishi. Lebo ya mgongoni ikae sentimita 3 kutoka chini. Kata kipande cha kadi cha kipimo hicho ukitumie kwa vitabu vyote. Ukishabandika lebo ndipo uvalishe kava la nailoni. Selotepu iache kwa matumizi mengine: hugeuka njano, gundi yake huvuja, na ukiibandua huondoka na maandishi.

Vikiwa tayari, visiende rafuni moja kwa moja. Vilaze kwenye meza karibu na mlango, majalada yakitazama juu, kwa wiki mbili. Vya kilimo viweke jirani na magazeti, wanapokaa wazee. Katikati ya Julai viwe vimeshatoka, maana watu wakianza kujiandaa kwenda Nane Nane viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, maswali ya mbegu huwa mengi.

Jumamosi ya watoto, yaani siku ya kuwasomea kitabu kipya, chagua tarehe baada ya kuuliza kuhusu gulio, kipaimara na mechi. Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, inaangukia Sabasaba, sikukuu. Ifanyeni Jumamosi iliyotangulia. Juni na Julai baridi ni kali, msianze kabla ya saa nne na nusu. Kwenye tangazo andika "saa 4:30 asubuhi": ukiandika 10:30, wengine watakuja jioni. Na andika "bure" kwa herufi kubwa, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza la kila mzazi.

Watoto 25 kwenye mikeka wanatosha msomaji mmoja. Msomaji awe amekisoma kitabu kwa sauti nyumbani mara mbili, na akishike kando ya bega ili picha zionekane. Dakika 15, si zaidi. Mtoto akichangia kwa Kinyakyusa au Kikinga, mpokee, usimkatize. Acha kurasa mbili za mwisho bila kuzisoma, kisha onyesha nakala tano zilizoko mezani.

Hapo ndipo foleni ya kuazima huharibika. Fomu za uanachama zitangulie shuleni tangu Jumatano zikasainiwe na mzazi au mlezi, na meza ya kujiandikisha iwe mbali na ya kuazima. Nakala zikiisha, andika majina ya wanaosubiri kwenye karatasi moja, kwa zamu, na ibandike ukutani wanapoweza kuisoma wenyewe.