Ejenti wengi, bili moja: jua nani anakula hela

Wakuu mnaoendesha ejenti wa AI kadhaa kwa pamoja (yaani programu za AI zinazofanya kazi zenyewe), msisubiri bili ya mwisho wa mwezi maana ile mara nyingi inakupa jumla tu, haikwambii nani kala hela. Kila jibu la API (njia ambayo programu yako inaongea na modeli ya AI) huwa linarudi na hesabu ya tokeni, yaani vile vipande vya maneno unavyolipia, zilizoingia na zilizotoka, we zihifadhi pamoja na jina la ejenti na namba ya kazi, basi. Hapo ndo mara nyingi utakuta mlaji ni ejenti wawili wanaorudishiana ujumbe, sababu kila raundi historia yote inatumwa upya na inalipiwa tena (kashe, yaani kuhifadhi kwa muda kilichotumwa tayari, inapunguza gharama, haiifuti). Wawekee limiti ya raundi, wakifika wanakatwa. Na yule wa kupanga tu barua pepe mafungu mafungu mpe modeli ndogo, kubwa ya nini?