Kufuatilia vumbi la mtambo wa chokaa kwa utepe, ndoo na siki

Mwongozo huu ni kwa wanaoishi jirani na machimbo au mitambo ya mawe ya chokaa hapa Nyanda za Juu Kusini. Fanya kazi hii kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, mvua ikiwa imekatika.

Hatua ya kwanza ni kuujua upepo. Funga utepe mwepesi kwenye mlingoti ulio mbali na majengo, uandike unakoelekea saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni. Asubuhi usiiache hata siku moja. Katika mabonde yetu, baridi ya Juni na Julai hutuama chini huku hewa yenye joto zaidi ikiifunika kwa juu, hivyo vumbi la usiku hubaki limelala bondeni mpaka jua lipande. Anayepima mchana tu huikuta hewa imekwisha kuchanganyika, akaondoka akiamini kwamba watu wanalalamika bure.

Hatua ya pili, tega ndoo nne zenye mdomo sawa juu ya nguzo za mita mbili: tatu upande vumbi linakopeperushwa, kwa umbali wa mita 100, 300 na 1,000, na moja upande upepo unakotoka, iwe ya kulinganishia. Chembe ya maikromita 10 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) huanguka polepole takriban mara 25 kuliko ya maikromita 50, kwa hiyo ndoo ya mbali hupata kidogo, tena laini kama unga wa sembe.

Baada ya siku 30, suuza kila ndoo kwa maji safi, chuja kwa karatasi uliyokwisha kuipima, kausha, kisha pima tena kwenye mzani wa maabara. Mdomo wa kipenyo cha sentimita 20 una eneo la mita za mraba 0.0314, ukipata miligramu 180, gawanya kwa 0.0314 na kwa 30, utapata miligramu 191 kwa mita ya mraba kwa siku.

Niliwahi kutega ndoo kando ya njia ya malori, nikapoteza mwezi mzima nikipima vumbi la barabara. Tangu hapo hudondoshea siki kwenye vumbi lililokauka: la mawe ya chokaa huchemka vipovu vidogo, ilhali udongo wetu wa majivu ya volkano kwa kawaida hutulia. Jaribu kwanza udongo wa barabara yenyewe.

Ndoo hainasi ipasavyo chembe za maikromita 2.5, ambazo ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Hizo zinahitaji kifaa cha kuvuta hewa. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021, lilipendekeza zisizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24. Unapoomba NEMC, chombo cha serikali kinachosimamia mazingira, waje kupima, ambatanisha daftari la upepo, ili kifaa kiwekwe mahali panapostahili na kiwashwe kabla hapajapambazuka.