Namba ya KD haimaanishi gari ni mpya: angalia haya kabla ya inspeksheni

Wengi hapa Mombasa wakiona namba ya gari yao yaanza na KD, zile za usajili wa karibuni, washajiambia inspeksheni haiwahusu, hiyo ni ya matatu na malori. Sivyo bwana. Sheria ya trafiki yasema gari yoyote ikipita miaka 4 ikaguliwe, na hiyo miaka yahesabiwa toka mwaka iliyotengenezwa, si siku uliyoitoa bandarini Kilindini. Sa fikiria, gari kuukuu zaruhusiwa kuingia Kenya mpaka miaka 8, kwa hivyo ile Vitz unayoita mpya huenda ilishuka melini na miaka 7 mgongoni. Toa logibuku, tafuta mwaka wa kutengenezwa, hesabu kuanzia hapo.

Ukiwa nayo hiyo logibuku linganisha namba ya chasisi na ya injini, maana mkaguzi atazisoma. Huku pwani chumvi yala chuma, haswa ukiwa waegesha Nyali karibu na bahari ama kila siku uko feri Likoni, na kutu ikifunika zile namba usikwangue na msumari, pangusa polepole na brashi laini. Na kama ulibadilisha injini ama rangi na hukuwaarifu NTSA, wale wa usajili wa magari, malizana na hilo kwanza, mengine yote yaweza kungoja.

Alafu tairi. Watu huangalia meno peke yake, lakini soma pale ubavuni kwenye maandishi ya DOT, tarakimu 4 za mwisho: 2319 ni tairi iliyotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari iliyokaa yadi juani meno yako sawa kabisa ila mpira una nyufa pembeni, na hizo mimi siziamini hata kidogo. Spea pia usiisahau.

Taa zote, honi, waipa, endibreki jaribu mwenyewe, na fundi aiinue gari aone bushi na shokabu, asikwambie tu "iko fiti" akiwa amesimama. Mikanda ya nyuma nayo: ukishashona kava za viti vile vichwa vya kufungia huzama chini, vitoe.

Kubuki na kulipa ni eCitizen. Na ikiwa taa ya injini yawaka kwenye dashibodi, tengeneza tatizo lenyewe, ukiifuta na mashine tu itakuwakia tena uko kwenye foleni.