Umetajwa vibaya bungeni? Namna ya kumwandikia Spika ujisafishe

Mjomba alikuwa katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kijijini kwetu, Newala. Msimu mmoja wa korosho mbunge akasimama Dodoma, akamtaja kwa jina kwamba kala fedha za wakulima. Redio zikarusha. Kesho yake mjomba anatafuta wakili amshtaki.

Hakuna kesi hapo. Ibara ya 100 ya Katiba inasema mbunge hatashtakiwa wala kufunguliwa shauri la madai kwa alilolisema ndani ya Bunge. Naiunga mkono kinga hiyo: bila hiyo, nani angethubutu kuhoji fedha za korosho zimekwenda wapi? Lakini raia hakuachwa mikono mitupu. Kanuni za Kudumu za Bunge zinamruhusu asiye mbunge, akiumizwa na kauli ya bungeni, kumpelekea Spika malalamiko na maelezo ya kujisafisha.

Kwanza hakikisha alisemea wapi. Kama ni mkutano wa hadhara, tuseme Uwanja wa Mashujaa pale Mtwara, kinga hiyo haimfuati. Dai la kashfa hufunguliwa mahakamani, tena usilaze damu: muda wake ni miaka 3.

Kama ni bungeni, tafuta maneno yenyewe. Klipu za WhatsApp hukatwakatwa, usizitegemee. Pakua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za yaliyosemwa bungeni, kwenye tovuti ya Bunge, au mwombe mtu wa steshenari akuchapishie. Nukuu neno kwa neno, pamoja na tarehe ya kikao na jina la mbunge.

Sasa barua. Iende kwa Spika, Ofisi ya Bunge, S.L.P. 941, Dodoma. Weka jina kamili, anwani, simu na saini. Asiyeandika aweke dole gumba. Barua ya kwanza ya mjomba ilikuwa kurasa nne za hasira, hadi ukoo wa mbunge umo. Tuliichana. Ya pili ilikuwa ukurasa mmoja: kilichosemwa, ukweli ulivyo, ushahidi, ombi. Jibu tuhuma moja moja, na kila jibu liwe na karatasi yake: ripoti ya ukaguzi ya COASCO (shirika linalokagua vyama vya ushirika), orodha ya malipo ya wakulima, taarifa ya benki ya chama. Ambatisha nakala, halisi zibaki kwako. Kumbusha pia, kwa heshima, kwamba Kanuni hizohizo zinakataza kusema uongo bungeni.

Asiye na fedha ya wakili awaulizie wasaidizi wa kisheria halmashauri.

Tuma kwa EMS ya Posta, na risiti uitunze pamoja na nakala ya barua.