Praktiko ya thaiosalfeti na asidi: jinsi ya kuona ukolezi (wingi wa kemikali kwenye ujazo fulani) unavyobadilisha spidi ya riaksheni

Kwa wale wa kidato cha nne huku Mbeya, Iringa na Njombe, hii praktiko ni rahisi ila wengi wanaiharibu sehemu moja tu, kwenye maji, ntaeleza.

Chora X kwa peni nyeusi kwenye karatasi nyeupe, weka bika juu yake. Mimina sodiamu thaiosalfeti 50 cm³, halafu haidrokloriki asidi 10 cm³ na hapohapo washa stopuwochi (ya simu inatosha), tikisa kidogo, angalia kwa juu. Salfa itaanza kujitokeza, mchanganyiko unakuwa na ukungu wa njano, X ikipotea tu zima saa uandike sekunde. Raundi zinazofuata thaiosalfeti unashusha 40, 30, 20, 10 na maji unaongeza 10, 20, 30, 40, asidi inabaki 10 ileile na inaingia mwisho.

Sasa hayo maji ndo roho ya kazi yote. Kuna wanaoyaruka eti hayafanyi kitu, hapana jamani. Usipoweka maji ujazo unapungua, kwa hiyo ukolezi wa thaiosalfeti haushuki kama ulivyodhani, asidi nayo inakuwa kali zaidi, na kina kwenye bika kimepungua so X inachelewa kupotea, vitu vitatu vimebadilika kwa mpigo, utajuaje kipi kimeleta majibu? Tumia bika ileile na macho ya mtu yuleyule.

Halafu baridi. Kwa makadirio ya kawaida joto likipanda nyuzi 10 spidi inakaribia mara mbili, na mwezi wa sita na wa saba maji ya bomba asubuhi pale Uyole au Makete yanauma vidole. Ukianza saa mbili asubuhi ukamalizia saa saba jua limeshawaka, namba zako zinapima jua. Teka maji mapema yakae maabara pamoja na chupa za kemikali, pima joto, maliza raundi zote kwa mkupuo. Na madirisha fungueni hata kama kuna baridi, inatoka salfa dayoksaidi, inabana kifua, mwenye pumu asiinamie bika kabisa.

Kwenye hesabu, spidi chukua 1 gawanya kwa sekunde. Tuseme 50 cm³ imetumia sekunde 40, hiyo ni 0.025, basi 20 cm³ itegemee kama sekunde 100, yaani 0.010. Chembe zikipungua kwenye ujazo uleule zinagongana mara chache, ndo maana. Grafu ya 1/t (t ni hizo sekunde) na ukolezi inatoka mstari mnyoofu unaoelekea sifuri. Nukta ya 10 cm³ ikikaa pembeni usiilazimishe, pale X inafifia taratibu sana na jicho linasitasita, irudie tena uchukue wastani ndo uchore.